Goma: Televizyo iliyokufa ina mali, lakini ina sumu pia

Katika mitaa ya Goma, televizyo ikifa haitupwi mara moja. Fundi huijaribu kwanza. Ikimshinda, mara nyingi inaangukia mikononi mwa watoto wanaotafuta shaba ya kuuzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru, isiyo na shamba wala kazi, pesa hiyo ni unga wa jioni. Kuwaambia tu "acheni" hakuwasaidii.

Shaba iko kwenye waya, na kwenye msokoto unaozunguka shingo ya televizyo ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Bamba za ndani zina bati, madini yale yale yanayochimbwa Bisie, kule Walikale, pamoja na dhahabu kidogo sana.

Hatari iko kwenye kioo. Kioo cha televizyo hizo kina madini ya risasi, yanayoweza kupita kilo moja. Ndani yake hakuna hewa: kikipigwa jiwe, kinapasuka kwa nguvu na vipande vinaruka. Hata ikichomolewa, televizyo inaweza kubaki na umeme, kwa hiyo kuifungua ni kazi ya fundi. Zile bapa za kwanza zina taa nyembamba zenye zebaki. Taa ikivunjika, mvuke wake unaingia mapafuni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, risasi inaharibu ubongo, na hasara hiyo hairudi.

Basi waya uchunwe kwa kisu, usichomwe, maana moshi wa plastiki ni sumu. Bamba ziuzwe nzima, bila kutiwa asidi. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko na maji ya kunywa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Watoto na mama wajawazito wasikaribie.

Lakini mzigo huu si wa familia peke yake. Mnunuzi anayechukua shaba tu anaondoka na faida, na kioo chenye sumu kinabaki kwa mwenye nyumba. Anunue televizyo nzima, na mji utenge mahali pa kuweka vioo hivyo. Kabla ya kufika hapo, wazazi waiuze bila kuivunja, hata kama bei itapungua kidogo.