Kigae cha Gede

Juzi niliwapeleka wajukuu Gede, mji wa wahenga wetu karibu na Watamu. Jirani na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria (1399 Miladia), mjukuu wangu wa kike aliokota kigae cha sahani ya Kichina, akakifutika lesoni.

“Babu, si kimetupwa?”

Kiokotwacho hutafutiwa mwenyewe, nikamwambia, na mwenyewe wa hiki ni umma mzima. Kikiwa mahali pake humwonyesha mtaalamu zama za ukuta ulio kando yake. Kikiondolewa, hubaki pambo tu. Akakirudisha palepale.

Mimi nami, Mola anisamehe, kabatini nilikuwa nacho kingine tangu ujanani. Siku ya pili nikakipeleka. Mlinzi akaniuliza nilikiokota wapi hasa. Sikukumbuka.