Ngoma Ikilowa

Safari za vijana wa mjini ni za aina mbili. Kuna zile zinazozungumzwa kijiweni mwaka mzima na haziendwi, na kuna zile ambazo mtu anakuja mlangoni na kukwambia, "Vaa viatu." Hii yetu ilikuwa ya aina ya pili. Ilikuwa Jumamosi moja ya Novemba 2023, saa sita mchana, niko nyumbani Buguruni nimejilaza na daftari langu, mshikaji wangu akaingia bila hodi.

"Leo ndiyo mwisho wa tamasha Bagamoyo," akasema. "Twende."

"Na mvua hii?"

"Mvua gani? Hata haijanyesha."

Kweli ilikuwa haijanyesha, lakini ndugu msomaji utaukumbuka mwaka ule. Watu wa hali ya hewa walikwisha kututangazia El Niño, na kila wingu lililopita juu ya Dar es Salaam tulilitazama vile machinga anavyomtazama mgambo.

Mshikaji huyu mtaani tunamwita Fundi, ingawa hana ufundi unaolipa. Anapiga ngoma. Babu yake, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa mpigaji wa mdundiko, ile ngoma isiyokaa mahali pamoja, inatembea barabarani inazoa watu mpaka mama aliyeinjika sufuria jikoni anaisahau. Fundi alikua akimbebea babu vyombo. Alipomaliza kidato cha nne akaingia kikundi cha mtaani, wakapiga kwenye maharusi na kwenye kampeni. Uchaguzi ulipokwisha, na kikundi kikaisha. Sasa Jumatatu, yaani keshokutwa yake, alikuwa anaondoka kwenda Chunya kwa mjomba wake anayechimba dhahabu. Tiketi ya basi alikuwa nayo mfukoni. Alinionyesha bila kusema kitu, akairudisha.

Mimi nilikuwa na shilingi elfu thelathini chini ya godoro. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake: kumlipa dada wa steshenari anichapie sura tatu za riwaya yangu, maana nimeiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, na siku hizi hakuna mchapishaji wa kuhangaika na mwandiko wa mtu. Mama alikwisha kuniuliza mara nyingi hiyo riwaya italiwa lini. Nikazitoa noti zile, nikazihesabu, nikavaa viatu.

Bagamoyo si mbali, ni kilomita kama 70 kutoka Dar es Salaam. Lakini foleni ya Tegeta inaweza kukufanya uamini unakwenda Songea. Tulipanda Coaster pale Makumbusho, tukapata siti ya nyuma kabisa, Fundi akawa anapiga mapaja yake njia nzima mpaka bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, hebu pumzisha hayo mapaja, yatakufaa uzeeni." Tulipofika Mapinga mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagwa. Konda akapiga kelele tufunge madirisha. Dirisha moja tu ndilo lililokuwa halifungi, na bila shaka ndilo letu. Nikaliingiza daftari ndani ya shati.

Wengi wetu mji ule tumeujulia darasani: mwisho wa njia ya misafara, pembe na watumwa, halafu makao makuu ya Wajerumani mpaka walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Unajibu swali, unapata maksi zako, basi. Mwalimu wangu hakuniambia kwamba tangu mwaka 1981 kuna chuo cha sanaa pale, kile ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na kwamba tamasha lake lina umri mkubwa kunizidi mimi. Fundi alikuwa anayajua yote hayo bila mwalimu. Hukwe Zawose, yule Mgogo wa zeze na ilimba aliyezunguka dunia na muziki wake, akaishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, Fundi anamtaja kama wengine wanavyomtaja mfungaji wa Yanga.

Tulifika saa kumi na moja jioni, tumelowa nusu. Jukwaani alikuwepo kijana wa Bongo Fleva, miwani nyeusi na mvua yote ile, anaimba juu ya muziki uliorekodiwa. Watu walikuwa wanamshangilia vizuri tu. Mara mvua ikazidi, ikaanza kupiga jukwaa kwa ubavu. Mafundi mitambo wakafunika spika kwa maturubai, wakazima umeme. Walifanya la maana, umeme na maji hawajawahi kuwa marafiki. Lakini yule kijana alibaki katikati ya jukwaa, maiki iliyokufa mkononi, mdomo umefunguka kwa neno ambalo halikutoka.

Nisieleweke vibaya. Bongo Fleva naipenda, nimeandikia nusu ya riwaya yangu ikilia redioni kwa jirani. Na yule kijana alijaribu kuendelea kwa koo lake mwenyewe, jambo ambalo wengine wasingethubutu. Mvua ikamzidi sauti.

Nikamwambia Fundi kwa majivuno, "Unaona sasa? Ngoma haina swichi. Sasa ndiyo zamu yenu."

Akacheka. "Subiri uisikie."

Pembeni kulikuwa na banda la bati, kikundi cha wazee wa ngoma kimejibanza humo kikisubiri zamu. Mzee mmoja akapiga ngoma yake kofi moja kujaribu. Ilitoa sauti ya mtu anayepiga gunia la unga. Akapiga ya pili, hali ileile. Kumbe ngozi inakunywa unyevu hewani hata kama tone halijaigusa. Ikinywa inalegea, na ikilegea sauti inashuka mpaka ngoma kubwa na ngoma ndogo zote zinanena lugha moja, ya usingizi. Dawa yake ni moto, na moto siku ya mvua ni kasheshe.

"Shikamoo mzee," Fundi akasema.

"Marahaba. Nyie vijana, kama mmekuja kujikinga mvua, jikingeni. Kama mmekuja kusaidia, tafuteni vifuu."

Basi ndivyo elfu thelathini zangu zilivyoanza kupata matumizi. Tulikimbia kwa mama ntilie aliyekuwa anauza wali wa nazi nyuma ya uwanja, ameficha mabaki yake ya nazi chini ya meza. Vifuu vikavu, nusu kiroba. Akatuuzia na maboksi mawili ya kuwashia, akatucheka vizuri sana, na tukarudi mbio tumeinamia kile kiroba kama wezi.

Moto uliposhika, Fundi alichukua ngoma moja bila kuulizwa. Hapa naomba nieleze taratibu, kwa sababu ni jambo nililolitazama kwa macho yangu, na mimi kwa miaka mitatu nimekuwa rafiki yake bila kuliona. Hakuielekeza ngozi motoni moja kwa moja. Aliilaza kwa ubavu, akawa anaizungusha polepole, kiganja chake cha kushoto kimeingia katikati ya moto na ngozi kupima joto, maana mkono wa mtu ukishindwa, basi na ngozi inaungua. Kila baada ya muda anaitoa, anaigonga ukingoni kwa kidole, halafu katikati, ameinamisha sikio. Ukingo unaamka kwanza. Katikati huchelewa. Mtu mwenye papara husikia ukingo umelia akadhani kazi imekwisha. Akipiga kwa nguvu ngozi inapasuka. Fundi hakuwa na papara, yeye ambaye akikopa mia tano hawezi kungoja nimalize kufungua pochi.

Yule mzee alikuwa anamtazama. Akamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Babu."

"Wapi?"

"Kisarawe."

Mzee akaguna. Akachukua chapuo, akampa. "Hii yako mpaka mvua ikatike."

Mvua haikukatika. Walipiga ndani ya lile banda, hakuna spika, hakuna taa ila ule moto na tochi za simu. Ngozi iliyopashwa moto ilikaa robo saa hivi, ikaanza tena kulala, kwa hiyo wakapanga zamu: tatu zinapigwa, tatu ziko motoni. Fundi alikuwa akimaliza duru anakwenda kuota moto na chapuo lake, anarudi. Wazee walianza taratibu, kisha mmoja akaubadili mdundo ukawa mdundiko, nikaona mabega ya Fundi yanashuka, unajua mtu akifika kwao. Watu waliokuwa wanatafuta njia ya kwenda nyumbani wakageuka. Akina mama wakafunga khanga viunoni. Yule kijana wa Bongo Fleva naye akaja, amevua miwani, na kumbe anajua kucheza! Alizaliwa Mbagala, akatuambia, mdundiko umempita mlangoni utoto wake wote.

Nilijaribu kuandika. Karatasi ilikuwa na unyevu, bairo inateleza, nikaandika maneno manne nikaacha.

Walipopumzika mzee akamuuliza Fundi, "Hapa chuoni uko mwaka wa ngapi?"

"Sisomi hapa, mzee. Jumatatu naenda Chunya."

Mzee alikaa kimya, akasukuma kifuu kimoja motoni kwa kidole cha mguu. "Chunya kuna ngoma?"

"Kuna dhahabu."

"Sijakuuliza hiyo."

Fundi hakujibu. Wala mzee hakumsisitiza. Alichukua ngoma yake, duru ikaanza upya.

Magari ya Dar yalikwisha zamani tulipotoka. Usiku huo tulikaa barazani kwa muuza kahawa mmoja, mzee mkarimu aliyetuambia baraza halina mlango kwa hiyo hana la kutufungia. Tulikunywa kahawa chungu na kashata mpaka koo likakauka. Mfukoni nilikuwa nimebakiwa na elfu kumi na nane. Nikamwambia Fundi tuuzungumze ukweli: chuo kinapokea waliomaliza kidato cha nne, vyeti anavyo, ada inaweza kuchangwa, mimi naanza na hizi. Nikaziweka juu ya baraza.

Alizitazama kwa muda mrefu. Akaanza kunihesabia kwa vidole: mdogo wake yuko kidato cha pili, mama yake ana deni la kikoba, chumba kimefikia miezi miwili. Vidole vikaisha mkono mmoja, akahamia wa pili. Akazikunja zile noti, akanirudishia mfukoni mwa shati, palepale lilipokuwa daftari.

"Kachape," akasema.

Ningependa kuandika kwamba alfajiri alibadili mawazo. Katika riwaya ningemfanya abadili. Jumatatu nilimsindikiza Mbezi, stendi ya Magufuli, akapanda basi la Mbeya na begi moja. Mikono yake ilikuwa bado inanuka moshi wa vifuu, au labda ni pua yangu tu.

Hunipigia simu mara mojamoja, akipata mahali penye mtandao. Anasema jioni kule kambini wakitoka mashimoni wanapiga madumu ya maji, na kwamba dumu ni chombo cha kivivu, halihitaji moto, kwa hiyo halimfundishi mtu kusikiliza. Kuna vijana wawili wa Kigogo anawafundisha mdundiko, nao wanamfundisha ya kwao. Ngozi ya mbuzi ameshaipata. Anatafuta gogo.

Mara ya mwisho aliniuliza yule dada wa steshenari amefikia wapi.

"Sura mbili," nikamwambia.

"Na ya tatu?"

"Ya tatu naiandika."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anagonga kitu kwa kidole, ukingoni, halafu katikati. Salio likakatika.