Kodi ya wakfu na sisi wa Katwe



Jumapili baada ya ibada tulibishana mpaka giza, nje ya kibanda ambapo yaya wetu mmoja anachomelea sigiri. Chanzo ni dada yetu anayeandika maombi ya kwenda kusoma Marekani. Alishaanza chuo hapa Kampala, lakini muhula wa pili alitolewa kwenye chumba cha mtihani sababu ya deni la ada. Sasa kasikia vyuo tajiri vya kule vimeongezewa kodi, na roho haitulii.

Tueleze kidogo. Vyuo vile vina wakfu: pesa za wafadhili zinawekezwa, mtaji haulwi, kinacholiwa ni sehemu ya faida. Wakfu wa Harvard peke yake unapita dola bilioni 50. Mwaka 2017 serikali yao iliweka kodi ya asilimia 1.4 kwenye faida hiyo. Sheria ya 2025 ikaipandisha mpaka asilimia 8 kwa vyuo vyenye zaidi ya dola milioni 2 kwa kila mwanafunzi. Chuo chenye wanafunzi wanaolipa ada chini ya 3,000 hakiguswi.

Yaya akasema: "Watozwe! Sisi 2018 hapa Uganda tulitozwa shilingi 200 kwa siku, kuingia WhatsApp na Facebook tu. Pesa za simu nazo zikawekewa asilimia 1. Nani alituhurumia?"

Tulicheka, maana ni kweli. Wengi tulikimbilia VPN.

Dada akajibu polepole: "Yaya, wewe unaona tajiri. Mimi naona mfuko unaomsomesha asiye na kitu. Faida ikipungua, watakata wapi kwanza? Watakata kwetu."

Hapo tukanyamaza.

Kwa Kiswahili, ya mwenye nyumba ni kodi na ya serikali pia ni kodi. Ya nyumba tunalipa kwa uchungu, lakini usiku tunalala ndani. Basi kila kodi tuiulize: inarudisha nini? Ile ya Marekani inaingia hazina kuu. Haikutengwa kwa mwanafunzi maskini.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Yaya ana haki: kama mchomeleaji wa Katwe anatozwa kwenye simu yake, mabilioni nayo yatozwe. Lakini dada pia ana haki. Chuo kinachosomesha maskini wengi kipunguziwe, na kinachokusanywa kiende kwa wanafunzi wa vyuo vidogo. Bila hivyo, tajiri atalipa kwa mkono mmoja na kutukata sisi kwa mkono wa pili.

Na tukumbushane kitu. Phiona Mutesi, aliyejifunza chess hapa hapa Katwe, hakwenda kwenye vyuo vya mabilioni. Alisoma Northwest University, chuo kidogo cha kanisa huko jimbo la Washington. Mlango siyo mmoja, dada.

Tumechanga mega zake za wiki hii ili amalize fomu. Ameongeza vyuo viwili vidogo kwenye orodha, lakini kile kikubwa hajakifuta. Tusimwambie akifute.

Ninyi mnaonaje? Mngekuwa wabunge wa kule, mngemsikiliza nani, yaya au dada?