Ndege wa Asubuhi, Mbwa wa Jioni

Msiba una saa zake. Kuna wanaobanwa usiku wa manane, kuna wanaobanwa wakifungua kabati na kukutana na nguo za marehemu. Wangu ulichagua saa mbili: alfajiri, mama alipokuwa akiamka, na jioni, alipokuwa akiniuliza tupike nini. Baada ya arobaini, ndugu waliposhuka hadi Mombo na kutawanyika kwenda Tanga na Dar es Salaam, nilibaki peke yangu katika nyumba yake, juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Magamba. Nilikuwa na shahada isiyo na ajira, na ufunguo wa nyumba ambayo kila mtu alishauri iuzwe.

Alfajiri niliokolewa na ndege, nami sikuwatafuta. Wa kwanza alikuwa hondohondo. Yeye husikika kabla ya kuonekana. Mabawa yake yanavuma kama mtu anayepepea moto kwa ungo mkubwa. Kijana wa jirani anayetembeza wageni msituni aliniazima darubini yake ya zamani, yenye kioo kimoja kilichopasuka, akanieleza kwamba jike la hondohondo akitaka kutaga hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa, ukabaki ufa tu. Dume humletea matunda kwenye ufa huo, siku baada ya siku, mpaka kinda akue. Niliwaza habari hiyo wiki nzima. Nami nilikuwa nimejifungia. Tofauti ni kwamba yule wa ndani ya mti alijua kuna anayekuja.

Nikaanza kutoka. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba ukungu huchelewa kuondoka, na mbega hurukaruka juu wakidondosha maji ya majani kichwani kwako. Huko nilimwona turako akifungua mabawa, wekundu ukalipuka kwenye kijani. Kijana akaniambia wekundu ule una shaba ndani yake, shaba hii hii ya nyaya za umeme. Ndege huipata kwenye chakula chake. Siku nyingine alinishika bega, tukasimama kimya, akanionyesha kindege kidogo cha rangi ya majani makavu kikiruka chini kwenye giza la vichaka. Wataalamu wanamwita Sheppardia montana. Hayupo Amani ng’ambo ya bonde la Lwengera, wala hayupo kwingine kokote duniani. Makao yake yote ni misitu iliyobaki ya Usambara Magharibi. Watu husafiri kutoka Ulaya kuja kumwona ndege ambaye mimi nilizaliwa karibu naye na sikuwa nimewahi kumsikia. Dunia yake nzima ni ndogo kuliko wilaya, na kila mwaka mashoka na mashamba yanaisogelea. Hata hivyo alikuwa akitafuta wadudu, kama mwenye shughuli zake.

Jioni ilikuwa kazi ya mbwa. Walikuwa wawili, mbwa koko wa jalalani: jike la rangi ya karanga mwenye sikio lililochanika, na kijana mweusi mwenye mbavu za kuhesabika. Walikuja kwa harufu ya ukoko wa ugali, wakarudi kesho yake, na keshokutwa. Jike nikamwita Karanga.

Mama mdogo alipopanda kunijulia hali, hata shikamoo yangu hakuijibu vizuri.

“Mwanangu, mbwa? Nyumba hii dada yangu alikuwa akiswalia.”

Nikamwambia hawavuki kizingiti, na sufuria yao iko peke yake. Nikamkumbusha kisa tulichofundishwa madrasa, cha mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kisha nikaongeza cha kwetu, alichokuwa akitusimulia mama mwenyewe: Mbegha, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, akafukuzwa na ndugu zake huko Ungulu kwa kuogopwa kuwa ana nuksi, akaja milima hii akiwinda nguruwe pamoja na mbwa wake, akagawa nyama, na Wasambaa wakampa utawala huko Vugha. Kisa hicho Abdallah bin Hemedi alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Ukoo wa kifalme wa Usambaa umeanza na mtu aliyekataliwa na kundi la mbwa.

Mama mdogo alinyamaza. “Basi wasivuke kizingiti,” akasema. Yule mweusi nikampa jina la Kigego.

Kisha mtoto akaumwa na mbwa kitongoji cha jirani, na tangazo likatoka: mbwa wasio na mwenyewe watapigwa risasi. Sikuweza kudharau hofu ile. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kuua mbwa hakuumalizi ugonjwa. Wengine huja kujaza nafasi. Kinachouzuia ni chanjo: Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi yanakatika. Kwa hiyo nikanunua kamba mita sita, nikaikata katikati, tukashuka mjini watu watatu, wawili kati yetu wakiwa na miguu minne. Wauza kabichi walicheka mpaka wakakaa chini.

Karani alifungua daftari.

“Mwenye mbwa?”

“Mimi.”

“Unakaa wapi?”

Nikataja kitongoji cha mama.

“Unakaa, au unapita? Maana chanjo hii inarudiwa kila mwaka.”

Swali lile ndugu zangu walikuwa wameniuliza kwa miezi, kwa upole na kwa ukali, na sikuwa na jibu. Kigego alikuwa amejilaza juu ya viatu vyangu, akitetemeka.

“Nakaa,” nikasema.

Jioni ile nilimpigia mjomba simu, nikamwambia atafutiwe mteja mwingine nyumba nyingine. Hakufurahi. Shamba la nyuma nimelipanda karoti na viazi, na wikiendi nabeba mikoba ya wageni msituni kwa malipo madogo, nikijifunza ndege mmoja baada ya mwingine. Mama mdogo akija huleta vichwa vya dagaa kwenye mfuko mweusi, anauweka nje ya kizingiti na kudai ulikuwa unaenda kutupwa.

Kadi mbili za chanjo zimo ndani ya mkoba wa mama, pamoja na karatasi za shamba. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu ya bluu: mwakani, baada ya masika.