Bluzi Inasikilizwa Wapi Chicago

Tangu nirudi Dar, vijana wenzangu wanaopenda muziki wananiuliza swali moja: hivi kule Chicago, bluzi yenyewe inasikilizwa wapi? Wengi wanategemea nitaje jina la klabu, waliandike mahali, mchezo uishe. Majina ninayo, tena siyo moja. Lakini ngoja kwanza.

Nilikaa mji ule miaka sita, nikifagia na kupiga deki maofisi ya watu, zamu ya saa nane mchana hadi saa nne usiku. Kwa mtu wa mfuko ule, pa kuanzia ni pale pasipo na kiingilio. Kila mwaka mwezi Juni kuna tamasha la bluzi la bure. Lilianza mwaka 1984 katika bustani ya Grant Park, na mwaka 2017 likahamia Millennium Park, hapo hapo katikati ya mji. Watu wanatandika mablanketi kwenye majani, watoto wanakimbizana, jua linawaka. Muziki ni mzuri, sikatai. Ila bluzi ya mchana kweupe mimi hainikai. Ni kama kusikiliza Sikinde saa nne asubuhi.

Ukizishika hela kidogo, panda treni ya laini nyekundu, shuka Fullerton, tembea mpaka mtaa wa Halsted. Pale ipo Kingston Mines, klabu iliyoanza mwaka 1968. Ina majukwaa mawili. Bendi ya huku ikipumzika ya kule inashika, mpaka karibu na alfajiri. Au shuka katikati ya mji, mtaa wa Wabash, kwenye klabu ya Buddy Guy iitwayo Legends, aliyoifungua mwaka 1989. Huyu mzee alizaliwa Louisiana mwaka 1936, akaingia Chicago mwaka 1957 na gitaa lake. Kuna Rosa's pia, mtaa wa Armitage, iliyofunguliwa mwaka 1984 na kijana Mwitaliano pamoja na mama yake. Jina la klabu ni la mama. Mlangoni utakutana na baunsa anayetaka kitambulisho. Kama hujafika miaka 21, usiku ule unarudi ulikotoka.

Nilikwenda kote huko. Wanamuziki ni wakali, usidanganywe na mtu. Lakini kwenye klabu za Halsted nilikuwa nakaa kaunta nikiwatazama wasikilizaji kuliko bendi. Watalii kutoka kila pembe ya dunia, wanapiga picha, wanaomba nyimbo zilezile zilizoombwa jana, wimbo ukiisha wanapiga makofi kwa adabu. Nikawa najiuliza, mbona huyu mwimbaji anaongea peke yake?

Maana bluzi, bwana, ni mazungumzo. Ubeti wake wa kawaida una vipimo 12 na mistari mitatu. Mstari wa kwanza unataja shida, wa pili unairudia shida ileile, wa tatu ndio unaijibu. Na kila mwisho wa mstari mwimbaji anaacha nafasi. Gitaa linaingia hapo kumjibu, au harmonika. Na wasikilizaji nao wamo katika ile nafasi, au tuseme walikuwamo. Waliotoka mashamba ya pamba ya Mississippi kwa treni, maelfu kwa maelfu, wakajazana upande wa Kusini wa Chicago, walikuwa wanamjibu mtu wanayeijua shida yake. Muddy Waters alifika mwaka 1943, akafanya kazi kiwandani na kuendesha lori. Akashika gitaa la umeme, kwa sababu ndani ya kelele za baa lile la kawaida halisikiki. Waliokuja kumsikiliza walitoka viwandani hivyohivyo.

Habari hizi nilizipata kwa mzee mmoja tuliyepiga deki pamoja, mzaliwa wa Mississippi. Yeye Halsted alikuwa hapandi. Alinitajia Theresa's, baa ya chini ya ardhi mtaa wa Indiana, ambako Junior Wells alipuliza harmonika miaka na miaka. Alinitajia Checkerboard ya mtaa wa 43, iliyofunguliwa mwaka 1972, ambako Rolling Stones walikuja mwaka 1981 kupiga na Muddy Waters. Theresa's imekufa. Checkerboard ilifunga mlango wa mtaa wa 43 mwaka 2003, ikahamia Hyde Park, nako haikudumu. Alizitaja kama mtu anavyotaja marehemu wa ukoo.

Ijumaa moja ya Januari, saa kumi na mbili jioni, simu yangu ikaita nikiwa na fagio mkononi. Baba kafariki Temeke, usiku wa kuamkia Jumamosi, na anazikwa mchana baada ya swala ya adhuhuri. Nauli ya ndege sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewahi. Mzee aliniona nimesimama tu. Nikamwambia. Hakusema kitu, akachukua deki yangu akamalizia korido yote. Saa nne ilipogonga akaniambia, "Bwana mdogo, vaa koti. Nyumbani kwako huendi peke yako leo."

Tukashuka Kusini kwenye baa ambayo hata kibao haikuwa nacho. Siku hizi haipo tena. Watu kama thelathini, wazee wengi, bendi ya watu wanne kwenye kona, hakuna jukwaa. Mzee akaenda kumnong'oneza mwimbaji. Yule bwana akanitazama, hakutoa pole, hakutangaza kitu. Akaanza. Mstari wa kwanza, mama mmoja nyuma yangu akaguna. Mstari wa pili, meza mbili zikamjibu. Wa tatu sikuusikia vizuri, maana baa nzima ilikuwa inaongea.

Baba alikuwa mtu wa Msondo. Ukimgusa wimbo anakwenda mbele kumtunza mwimbaji. Hapa walikuwa na ndoo ya plastiki ya kutilia hela, lakini miguu yangu haikwenda kwenye ndoo. Nikatoa dola mbili, nikazibandika kwenye paji la uso la yule mwimbaji, jasho likazishika. Watu wakacheka sana. Kisha yule mama akainuka na dola yake akabandika pembeni ya zangu, akafuata mwingine, na mwimbaji akaendelea kuimba na noti zake usoni.

Ilikuwa saa nane usiku. Dar ilikuwa saa tano asubuhi, bado hawajamtoa ndani.