Kamusi ya Papa

Disketi ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na risiti za umeme. Juu yake Papa alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: KAMUSI 1996. (Kwetu Lubumbashi baba huitwa papa, na sitaanza leo kumwita vingine.) Papa alikuwa mhasibu aliyejifundisha mwenyewe kuandika programu kwa lugha ya Pascal, usiku, kwenye kompyuta nzito iliyokaa sebuleni na kufunikwa kitambaa kama mkate. KAMUSI ndiyo programu pekee aliyoimaliza. Ilikuonyesha neno la Kifaransa, wewe ukaandika la Kiswahili. Kisha ilinyamaza kidogo, halafu ikalia mara mbili ukipata, au ikatoa mlio mmoja mzito ukikosa. Maswali 20, kisha alama. Kaka zangu walikua nayo. Mimi niliikuta mwishoni mwishoni, nikiwa nimepakatwa, kabla kompyuta ile haijafa. Papa naye alifuata miaka michache baadaye.

Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni, nilitamani kuiona tena. Nikaazima kifaa cha kusomea disketi, nikanakili mafaili mawili yaliyokuwamo: KAMUSI.EXE na MANENO.DAT. Kompyuta yangu ilikataa papo hapo. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS za biti 16. Nikajaribu kufungua lile faili la maneno kama maandishi ya kawaida. Maneno yalionekana, lakini kila penye é ya Kifaransa palikuwa na kitu kama alama ya mkato, kwa sababu namba 130, ambayo DOS iliichora é, Windows huichora alama nyingine. Hilo lingerekebishika. Lililonisumbua ni kwamba orodha ile haikuwa KAMUSI. Haikunyamaza, haikulia, haikunihoji.

Rafiki yangu alikuwa na kompyuta kuukuu ya Windows XP. Hapo programu ilianza, ikafa kabla hata ya kutuamkia, ikatuachia ujumbe wa kosa namba 200: kugawanya kwa sifuri. Tulidhani disketi imeoza. Kumbe kosa hilo linajulikana sana kwa waliowahi kutumia Turbo Pascal. Programu hizo, zinapoanza, hupima kasi ya mashine: huhesabu mizunguko inayofanyika ndani ya mdundo mmoja wa saa ya kompyuta, kama milisekunde 55, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55. Jibu linatakiwa lisizidi 65,535. Papa alipoandika kazi yake, mashine zilizoweza kuvuka hapo hazikuwa za watu kama sisi. Kompyuta ya rafiki yangu ilihesabu mizunguko mingi mno, jibu likakosa pa kukaa, na prosesa ikatoa onyo lile lile la kugawanya kwa sifuri. Programu ya Papa iliuawa na kasi.

Tulichohitaji kilikuwa kiigaji. Tulitumia DOSBox, inayopatikana bure tangu 2002. Watu husema kiigaji hutafsiri programu ya zamani, nami nilidhani hivyo, lakini DOSBox haikubadilisha hata herufi moja ya KAMUSI.EXE. Inachukua kila agizo lililokusudiwa prosesa ya zamani ya Intel na kulitekeleza juu ya prosesa isiyokuwapo, yenye kumbukumbu, skrini, saa na kipaza sauti visivyokuwapo. Agizo moja la zamani hugharimu maagizo mengi mapya, ndiyo maana mwenyeji hana budi kuwa na nguvu kuliko mgeni wake. Na mgeni hajui yuko wapi. Tuliiacha DOSBox katika mwendo wake wa kawaida, polepole, na KAMUSI ikafunguka. Nilipoandika jina langu, A ikawa Q, hadi nilipoiambia mashine hiyo ya kufikirika kwamba kibodi ni ya Kifaransa.

Wazo hili ni la zamani kuliko Papa kuwa mhasibu. Mwaka 1964 IBM ilitangaza kompyuta za familia ya System/360. Wateja wake wengi walikuwa na mashine ya 1401, ya mwaka 1959, pamoja na programu za mishahara na ankara zilizowachukua miaka kuandika. Mashine mpya haikuelewa maagizo ya ile ya zamani. Mpya ilifanya kazi kwa baiti za biti nane. Ya zamani ilihesabu kwa tarakimu za desimali, zenye urefu wowote mtu aliotaka. Isitoshe, Honeywell walikuwa wametangaza mashine yao, pamoja na programu iitwayo Liberator ya kugeuza programu za 1401 ziendeshwe huko. IBM ikaweka katika baadhi ya 360, ndani ya maunzi yenyewe, maagizo ya chini kabisa ya kuifanya itende kama 1401. Kuiga kwa programu tupu kungekuwa polepole mno, na mishahara ya mwisho wa mwezi haingojei. Nawaelewa wahasibu wa zama zile, nimelelewa na mmoja.

Basi nikacheza. Nilipata 13 kati ya 20.

Kwa “wiki” nilikosa: Papa alitaka “posho”. Kwa “mke” alitaka “bibi”. Kwa “shule” alitaka “masomo”. Niliandika “kitabu changu”, mlio mzito ukatoka, na skrini ikanisahihisha: “kitabu yangu”. Mimi, ninayetarajia kufundisha ngeli! Waundaji wa viigaji husema mwigo mzuri lazima uige hata kasoro za mashine, maana ziko programu zilizoandikwa kwa kuzitegemea. Lakini hizi hazikuwa kasoro za mashine. Kilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, Kiswahili cha nyumbani, nami nilikuwa nimeshapewa jina lingine la kukiitia darasani.

Nilifanya jambo ambalo silisimulii kwa fahari. Pascal huhifadhi urefu wa neno katika baiti inayolitangulia. Nikafungua MANENO.DAT baiti kwa baiti, nikafuta “posho” nikaandika “wiki”, na 5 nikaigeuza 4. Nikafanya hivyo kwa yote saba. Nilijiona mhariri. Nilirudia nikapata 20.

Likizo iliyofuata nilimwekea Mama kompyuta mezani. Alivaa miwani, akacheka alipoona skrini ya buluu. Neno la tatu lilikuwa “semaine”. Akaandika “posho” bila kufikiri. Mashine ikanyamaza, kisha ikatoa mlio mzito.

Mama akaisoma skrini mara mbili. “Posho njo semaine,” alisema. “Nani alichezea kamusi ya papa yako?”

Sikujibu. Bado nilikuwa na faili la asili, nikalirudisha pale pale akiwa ameketi. Alianza upya. Kila mashine iliponyamaza aliinua kidole ili tusiongee, kama Papa alivyokuwa akifanya, na alishusha kidole baada ya milio miwili. Alipata 19, kwa kuwa alikosea kibodi mara moja. Akataka tena. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na betri ilikuwa imebaki asilimia 8.