Gari la Fahari na Mapambo Yake

Gari la fahari hununuliwa kwa macho lakini hukaliwa kwa mgongo. Anayeagiza jipya hujichagulia vifurushi vya nyongeza kiwandani. Sisi tununuao yaliyotumika twarithi chaguo la mwenye kulimiliki kwanza, wala Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Tulipotafuta BMW ya 3 Series tuliletewa mbili. Kijana wetu aliipenda yenye M Sport: bampa za kimashindano, usukani mnene na kimo kilichopunguzwa milimita 10. Mamake akamwuliza, “Mwanangu, nyanyako na mgongo wake tutamvusha vipi matuta ya Mtwapa?” Kijana akanyamaza. Tukachukua ya Luxury Line, yenye springi za kawaida.

Viti vyake vina hita, pambo la watu wa theluji. Hapa Mombasa swichi hiyo haina kazi. Jambo zito ni matairi. Gari hili halina tairi la akiba. Yake hustahimili pancha kwa kiasi cha kilomita 80, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Pancha ikitokea Nyali, Kilifi mtafika, Malindi hamtafika. Basi ile tofauti ya bei tuliiweka akiba ya matairi, maana ni ghali kuliko ya kawaida.

Enyi akina mama, mkishauriwa kuhusu gari msiseme hayo ni ya wanaume. Hesabuni kwanza watakaoketi, kisha mapambo. Kipambo cha kijana huenda kikawa adha kwa mzee, na wote wawili ni abiria wetu.